Ekegusii Ofisini: Majibu kwa Wanaosema Haiwezekani

Msimu wa kampeni ukifika, kila anayetaka ugavana wa Kisii au Nyamira hujua lugha ya kuombea kura. Atapanda jukwaani katika Uwanja wa Gusii, awaamkue wazee kwa Ekegusii, achomeke methali mbili tatu, autanie ukoo wa jirani, na watu watacheka kwa sababu mzaha umewafikia bila mkalimani. Akishaapishwa, tangazo lake la kazi, la zabuni, la ada za soko na la chanjo hutoka kwa Kiingereza. Serikali zetu mbili za kaunti zina mdomo wa Ekegusii na karatasi za Kiingereza. Ukiuliza kwa nini isiwe vinginevyo, unajibiwa kwa hoja zilezile, iwe ni matangani, ofisini au ndani ya basi la usiku la Nairobi. Baadhi ni hoja za maana. Nyingine ni uvivu uliovaa tai.

Tuanze na ile nzito, kwa kuwa imeshika Katiba mkononi. Inasema lugha ni kazi ya serikali ya kitaifa, na kaunti ikiigusa imevuka mpaka wake. Anayesema hivyo hajabuni kitu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya kwanza, linaikabidhi serikali ya kitaifa sera ya lugha pamoja na ukuzaji wa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Wanasheria wa kaunti hufika hapo wakafunga kitabu.

Wangefungua kurasa nyingine mbili. Kifungu cha 7 kinaiamuru Dola ilinde na kukuza uanuwai wa lugha za Wakenya, tena iendeleze matumizi ya lugha za kiasili. Kifungu cha 260 kinaifafanua Dola kuwa jumla ya ofisi na vyombo vyote vya serikali ya Jamhuri, na humo gavana yumo, karani wa wadi naye yumo. Kisha sehemu ya pili ya Jedwali lilelile inaipa kaunti elimu ya chekechea, huduma za afya za kaunti, maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Itazame orodha hiyo vizuri. Chekechea ndipo mtoto wa miaka minne anapoambiwa kwa mara ya kwanza lugha ipi ni ya shule na ipi ni ya jikoni. Zahanati ndipo nyanya anapoelezwa jinsi ya kumeza dawa za presha. Sera na ikae Nairobi. Hakuna anayeitaka Kisii itangaze lugha rasmi mpya. Tunachodai ni kwamba kazi ambazo tayari ni za kaunti zifanywe kwa lugha anayoielewa anayehudumiwa, na hilo halingoji barua ya waziri yeyote.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo haijanyamaza. Kifungu cha 95 kinataka kaunti iwasiliane na wananchi kupitia njia zinazowafikia wengi, na miongoni mwa njia hizo kinataja redio za jamii, mikutano ya hadhara na njia za jadi za mawasiliano. Sasa chukua siku ya kukusanya maoni kuhusu mswada wa fedha. Karani anaketi mbele ya ukumbi wa kanisa akiwa na nakala chache za mswada, kurasa kwa kurasa za Kiingereza cha mahakamani na majedwali ya ada. Mwakilishi wadi anausimulia kwa Ekegusii: ada ya kibanda imepanda, ya pikipiki imebaki palepale. Mama anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili anauliza kama hiyo ya kibanda ni ya siku au ya mwezi. Mwakilishi anamgeukia karani, karani anapekua, jibu linachelewa, na mtu mwingine keshasimama kulalamikia barabara. Mwishoni wote wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na mtu akienda kortini kuupinga mswada, karatasi hiyo ndiyo inayotolewa kuonyesha kwamba umma ulishirikishwa.

Kurasa mbili za Ekegusii zingetosha, zibandikwe kwenye lango la soko wiki mbili kabla: ada ya zamani, ada mpya, ya siku au ya mwezi, na wapi pa kulalamikia. Nakala ya kisheria ibaki kwa Kiingereza au Kiswahili, na maneno yakipishana, hiyo ndiyo ifuatwe. Mama wa ndizi angefika na hoja badala ya kufika na swali.

Kuna wanaojibu kwa kujiamini zaidi kwamba tunalilia maiti iliyo hai. Ekegusii, wanasema, haifi: Abagusii walihesabiwa zaidi ya milioni 2.7 katika sensa ya 2019, Egesa FM inanguruma kutwa, na Biblia nzima ipo kwa lugha hii tangu 1988. Yote ni kweli. Ila sensa yetu iliuliza kabila. Haikumuuliza mtu anasema lugha gani nyumbani kwake. Kijana wa mtaa wa Umoja jijini Nairobi anayemjibu nyanyake kwa Kiswahili yumo katika hizo milioni mbili na laki saba, na mtoto wake atakuwamo pia hata kama hawezi kuhesabu hadi kumi kwa Ekegusii. Tunahesabu damu tukidhani tunahesabu lugha.

Wales, nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, huuliza. Kila baada ya miaka kumi sensa yao inamtaka mtu aseme kama anajua Kiwelisi, ndiyo maana wanajua kwamba wasemaji walikuwa kama 582,000 mwaka 2001, wakashuka hadi 562,000 mwaka 2011, kisha 538,000 mwaka 2021. Takwimu hizo zinawauma, lakini wanazo, na serikali yao imejiwekea lengo la kufikisha wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Katika eneo la Gwynedd, baraza la kaunti huendesha kazi zake za ndani kwa Kiwelisi, vikao na barua zote, na huko ndiko kwenye kiwango kikubwa cha wasemaji kuliko kwingine kote: karibu watu 64 katika kila 100. Sidai kwamba baraza ndilo lililoileta idadi hiyo, kwa kuwa Gwynedd ilikuwa ngome ya lugha hiyo tangu zamani. Nasema tu kwamba mtoto wa huko hukua akiona lugha ya nyumbani kwao ikimpa mtu kazi ya mezani.

Sisi hatuhitaji kungoja sensa ya 2029. Kila Januari walimu wa chekechea huandikisha watoto. Fomu ile ya usajili iongezwe mstari mmoja: nyumbani mnasema lugha gani, mama kwa mtoto, baba kwa mtoto. Baada ya miaka mitatu kaunti itakuwa na ramani ambayo hakuna aliye nayo leo, wadi kwa wadi, na tutajua kama lugha inapungua mjini Kisii pekee au hata kule Borabu na Gucha. Kuhusu redio, naishukuru. Lakini redio ni ya sikio, na mtu anaweza kuisikiliza miaka ishirini asiandike sentensi moja.

Dai linalonigusa zaidi hutoka kwa wazazi, na sitalijibu kwa kejeli, maana mzazi anayelisema ameuza ng'ombe kulipa karo. Anasema: mtihani wa KCSE ni wa Kiingereza, kwa hiyo mtoto aanze Kiingereza angali na miaka mitatu, Ekegusii itamrudisha nyuma. Hesabu hiyo inakubalika mpaka uingie darasani. Mtoto wa Kenyenya au Nyamaiya hafiki shuleni akiwa mtupu. Anajua kuhesabu kuku wanaoingia kulala, anajua kugawa ndizi sawasawa na wadogo zake, anajua kubisha akidhulumiwa. Anafundishwa herufi, namba na lugha ngeni kwa wakati mmoja, na akinyamaza anaitwa mzito. Hapo mwalimu hajapima akili. Amepima Kiingereza cha nyumbani kwao, ambacho hakipo.

Jambo hili limejaribiwa. Kule Nigeria, mradi wa Ife ulioongozwa na Babs Fafunwa kuanzia 1970 uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Watoto hao hawakurudi nyuma kwa Kiingereza, na katika masomo mengine waliwapita wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema. Kenya nayo haiwezi kusema haikuambiwa. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unasema karibu hayohayo, na ukaongeza somo la lugha za kiasili katika Gredi ya 1 hadi ya 3. Sera ipo, na imekuwapo muda mrefu. Aliyekosekana ni mwajiri wa kuisimamia. Na katika chekechea za umma mwajiri huyo hakai Nairobi, ni kaunti.

Kaunti ingeanza na waraka wa ukurasa mmoja usiogharimu kitu: ni marufuku kumwadhibu mtoto wa chekechea kwa kusema Ekegusii. Wengi wa rika langu tunakijua kile kibao, wengine walikiita diski, kilichopitishwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kila aliponaswa akisema lugha ya nyumbani. Aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaandika haya akikumbuka shule ya utotoni mwake. Watoto wa Wales katika karne ya 19 nao walivishwa shingoni kipande cha mbao chenye herufi W.N., kwa utaratibu uleule wa kurushiana aibu. Huko kipande hicho sasa kimo ndani ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho. Kwetu desturi hiyo haijazikwa. Imebadili sura tu, na mara nyingi wanaoiendeleza ni walimu wema walioipitia wenyewe na kuamini kuwa ndiyo iliyowafikisha walipo.

Marafiki zangu wa Kiswahili nao wana lawama yao. Wanaona kwamba kuipa Ekegusii nafasi ofisini ni kuipunguzia lugha ya taifa nafasi hiyo. Mimi ninakula kwa Kiswahili na makala haya nimeyaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Nenda kwenye ubao wa matangazo wa makao ya kaunti yoyote kati ya hizi mbili ukakitafute hicho Kiswahili kinachoogopewa kusukumwa. Kiko kwenye bango la kunawa mikono na labda kwenye onyo la kutoegesha gari. Mswada, bajeti, ripoti ya mkaguzi na fomu ya leseni vyote ni Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 kinakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Ekegusii haijakinyang'anya Kiswahili kiti hata kimoja. Lugha hizi mbili zina ngeli zinazofanana, na mtoto aliyejifunza kusoma moja kati yazo amekwishafika nusu ya safari ya kusoma nyingine. Afisa atakayezoea kuandika muhtasari wa mswada kwa Ekegusii atakuwa amejifunza kitu ambacho ofisi zetu hazina, yaani kuandika ili mtu aelewe, na Kiswahili kitafaidika kwanza kabla ya lugha nyingine yoyote.

Ukabila, je? Hoja hii haipuuzwi na mtu aliyekuwa hai Januari 2008. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi ilizitaja redio za lugha za kiasili miongoni mwa waliochochea. Kwetu, mpaka wa Borabu na Sotik, kati ya Abagusii na Wakipsigis, uliwaka, na soko la Chebilat likateketea. Lakini watu wa pande hizo mbili walikuwa wameuziana ng'ombe na mahindi kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na Kiswahili hakikuuzima moto. Rwanda ilikuwa na lugha moja inayosemwa na wote, na kwa lugha hiyohiyo redio ya RTLM ikawaita watu kuua mwaka 1994. Hata Somalia, lugha moja haikuzuia vita. Chuki hutumia lugha yoyote iliyo karibu. Dawa yake ni kumshtaki anayechochea, na tangu 2008 tunayo Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya kufanyia kazi hiyo.

Hata hivyo hoja hii ina mfupa ndani yake. Mjini Kisii wanaishi Waluo, Wakikuyu, Wasomali na wengine wengi wanaolipa ada kama mimi. Nyamira ina Wakipsigis. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoitaka. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii yenye wengi. Kaunti ikiigeuza Ekegusii kuwa chujio la ajira, itakuwa imepata njia nzuri ya kuwafungia wengine nje, na wapo wanasiasa watakaoifurahia njia hiyo kwa sababu zisizohusiana kabisa na lugha. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: dereva, mhasibu na mhandisi wasiulizwe Ekegusii wanapoomba kazi. Muuguzi kutoka Busia aajiriwe, kisha afundishwe kwa gharama ya kaunti, kama wamisionari walivyojifunza. Lugha iwe sharti pale tu ambapo ndiyo kazi yenyewe, kama kwa mwalimu wa chekechea ya mashambani. Na tangazo lolote la Ekegusii liambatane na la Kiswahili, ubao uleule, ukubwa uleule wa herufi.

Nitapita haraka juu ya lile la Ekegusii ipi, ya Ekerogoro au ya Ekemaate. Tofauti zipo na tunachekana kwazo, lakini sijamwona mtu wa South Mugirango akishindwa kuwasikiliza watangazaji wa Egesa. Tahajia ndiyo yenye kazi: lugha ina irabu saba, maandishi yanatumia tano, na majina ya vijiji huandikwa kila mtu anavyopenda. Hilo halihitaji miujiza. Wilfred Whiteley alichapisha kitabu cha kuielezea lugha hii mwaka 1956, Jelle Cammenga akachambua sauti na maumbo yake mwaka 2002, na Kennedy Bosire na Gladys Machogu walitoa kamusi yao mwaka 2013, mwaka uleule kaunti zilipozaliwa. Uganda, baada ya Waraka wa Serikali wa 1992, iliunda bodi za lugha za wilaya kushughulikia tahajia na vitabu, na mwaka 2007 ikaanzisha mtaala wa lugha za wenyeji kwa madarasa ya mwanzo. Bodi hizo zilikuwa na njaa ya fedha tangu mwanzo, lakini zilikuwapo, na mtu mwenye swali alijua pa kulipeleka. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Kisii na Nyamira, ambazo zimegombania ushuru wa Keroka kwa miaka, zinaweza kushiriki bodi moja ya lugha pamoja na Chuo Kikuu cha Kisii, na pengine kikao cha kwanza kifanyike hapohapo Keroka, kila upande ulipe chai yake.

Na pesa? Nimekwisha kutaja waraka wa ukurasa mmoja, mstari mmoja wa fomu na kurasa mbili za mswada. Ongeza kadi ya Ekegusii ya kifua kikuu, kisukari na presha kwa wahudumu wa afya ya jamii, ambao posho yao kaunti huichangia pamoja na serikali kuu. Leo kila mhudumu hutafsiri kichwani mwake anavyojua, na vijiji viwili jirani hupokea maelezo mawili tofauti kuhusu kidonge kimoja. Mgonjwa wa kisukari aliyeelewa vibaya hurudi akiwa amebebwa, na kitanda chake ni ghali kuliko kadi elfu moja.

Linalobaki ndilo gumu kuliko yote: wazazi wenyewe hawataki. Ni kweli, wengi hawataki, na hakuna sheria ya kaunti itakayoingia sebuleni kwa mtu. Lakini tazama mzazi huyohuyo siku ya Sabato. Waadventista walifika Nyanchwa mwaka 1912, Wakatoliki wakiwa Nyabururu, na kwa zaidi ya miaka mia moja makanisa yamewafundisha watu wetu kusoma Ekegusii bila shilingi ya kodi. Mama anayelipia akademia ili mwanawe asiseme Ekegusii hununua Biblia ya Ekegusii kwa fedha zake, huifunika kwa kitambaa isichafuke, na humtaka mtoto akariri fungu mbele ya kanisa. Haichukii lugha. Ameona kwamba kanisani ina kazi na kwamba kwingineko haina, akapanga matumizi yake kulingana na hilo.

Basi kaunti iipe kazi. Tangazo lijalo la nafasi za walimu wa chekechea liandikwe kwa lugha tatu, na liseme wazi kuwa kwa shule za mashambani mwombaji atapimwa kusoma na kuandika lugha ya eneo, ukurasa mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Vyuo vinavyowaandaa walimu hao vitaanza kulifundisha somo hilo muhula unaofuata.